Jii Haina Mlio: Tanakali za Kiswahili Mbele ya Mbunifu wa Michoro

Wajava waliviita baadhi ya vyombo vya muziki wao wa gamelan kwa milio yake: gong, kenong, kethuk. Mbunifu wa michoro anayeyachukua maneno hayo huanza na kazi nyepesi, kwani mlio mzito huomba herufi nene na mlio mkavu huomba herufi fupi. Kiswahili nacho kina akiba ya namna hiyo. Pikipiki imepata jina kutokana na ngurumo yake, na chubwi la jiwe majini lina umbo tayari.

Hata hivyo, istilahi ya shuleni, “tanakali za sauti”, inapotosha. Giza huwa totoro, shuka huwa nyeupe pepepe, mchovu hulala fofofo, umati hunyamaza jii. Ni mlio gani unaoigwa hapo? Herufi zinazolipuka, zile za vitabu vya katuni, zingeiua jii papo hapo. Isitoshe, totoro haina maisha mbali na giza. Ikibandikwa ukutani peke yake, hubaki pambo la kigeni hata kwa mjuzi wa lugha.

Suala hili lina uzito wa pekee Cedar-Riverside, mjini Minneapolis. Minara ya Riverside Plaza, kazi ya msanifu Ralph Rapson iliyokamilika mwaka 1973, ina vibao vya rangi kali na wakazi wengi wenye asili ya Afrika Mashariki. Wasomali na Waoromo ndio wanaosikika zaidi. Kiswahili ni cha wachache, wakiwamo waliokiokota Kenya njiani kwenda Marekani. Ughaibuni, Kiswahili cha mabango aghalabu huishia kwenye “karibu” na “asante”, umaskini usiostahili kuvumiliwa. Kioromo husema cal jechuu kwa maana ya kunyamaza, yaani, neno kwa neno, “kusema cal”. Jii na cal zikiwekwa bango moja, lugha ya Kibantu na ya Kikushi zingekutana mahali pasipotarajiwa: zote mbili zimeupa ukimya neno la kutamkwa.

Mfano wa kuigwa ni kanga, wala si katuni. Jina la kanga halipigi kelele. Hukaa mahali pake, kwa herufi zilizo sawa, likimlazimu msomaji asogee. Bango la jii lingehitaji mji mpana wa rangi moja, pindo jembamba, na neno lenyewe chini, dogo.