Mashahidi Wawili, Nyumba Moja: Gurnah Alivyousuka Usaliti

Katika riwaya ya By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2001, mzee Saleh Omar anatua uwanja wa ndege wa Gatwick akiwa na pasipoti yenye jina la Rajab Shaaban, na anajifanya hajui Kiingereza. Mwanzoni msomaji huichukulia hiyo kuwa hila ya mkimbizi anayetaka kunusurika. Baadaye ndipo inapobainika kwamba Rajab alikuwa mtu kweli, hasimu wa mzee huyo na sasa ni marehemu, na kwamba mjuzi wa Kiswahili anayetafutwa London ili amsaidie ni Latif Mahmud, mtoto wa Rajab huyohuyo. Wengi huisifu riwaya hii kwa huruma yake kwa wakimbizi. Mimi naona nguvu yake iko kwenye mpangilio wa ushahidi: Gurnah hamwachii mtu mmoja kukimiliki kisa cha usaliti.

Kiini cha ugomvi ni nyumba. Rajab aliiweka rehani kwa Hussein, mfanyabiashara aliyetoka Bahrain. Naye Hussein akaupeleka mkataba huo kwa Saleh Omar kuwa dhamana ya mkopo wake mwenyewe, kisha akaondoka asirudi. Saleh akaichukua nyumba. Latif, aliyekuwa mtoto wakati huo, alitumwa na mama yake kwenda kuomba kimeza kimoja tu cha mpingo, akarudi mikono mitupu. Kwake yeye Saleh ni mnyang'anyi. Saleh naye anasimulia karatasi halali, hasara aliyoikwepa, halafu kifungo cha miaka mingi kilichomnyima mke na binti. Gurnah anawapa zamu ya kusema, na kila ushuhuda unautia ufa uliotangulia bila kuubomoa. Ndiyo maana jina la kuazima lina uzito: Saleh ananusurika kwa kulivaa jina la mtu ambaye ukoo wake unamwona yeye ndiye mwizi.

Tuupime ufundi huu kwa kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Salme anakiri kwamba mwaka 1859 aliandika barua za njama ya kaka yake Barghash dhidi ya Sultani Majid, naye anajutia kosa hilo. Lakini kuhusu kuondoka kwake Unguja mwaka 1866 anasema machache, na ujauzito uliomlazimisha kukimbia hautaji. Ndugu aliowaacha, ambao wengine walijiona wamesalitiwa, hawana zamu ya kujibu. Katika kitabu hicho tunawajua kwa kalamu yake tu.

Atatokea wa kusema kwamba mizani ya Gurnah ni ya bandia, kwa kuwa mashahidi wote wawili kawabuni mwenyewe, ilhali Salme aliyaishi aliyoyaandika. Pingamizi hili lina uzito. Hakuna riwaya inayoweza kutupa yale anayotupa Salme juu ya maisha ya wanawake katika majumba ya kifalme ya Mtoni na mjini. Hata hivyo, kuyaishi mambo hakumfanyi mtu kuwa shahidi wa pande zote. Gurnah mwenyewe hadai ukamilifu: Rajab ni marehemu, Hussein hatoi ushahidi wake, na sehemu ya mwisho ya kitabu ameiita kwa jina la ukimya. Anachofanya ni kumzoeza msomaji kumsikiliza mlalamikaji bila kumhukumu mlalamikiwa kabla hajasema.

Zoezi hilo tunalihitaji tunaposoma tawasifu, hasa za watu waliopitia mapinduzi, kifungo au uhamisho. Tuziheshimu, tuzichapishe kwa wingi, lakini kila mwandishi anapomtaja msaliti wake, tuulize huyo msaliti angesema nini, kisha tukautafute ushuhuda wake.