Msomaji na Moyo Wake

Watu wengi hudhani kwamba kitabu cha habari za kweli huingia katika akili za wasomaji wote kwa namna moja. Sivyo. Moyo wa msomaji hukaa mlangoni kama bawabu, ukikaribisha habari hii na kuifukuza ile.

Tutazame kitabu cha maisha ya Tippu Tip, mfanyi biashara wa Unguja aliyefariki mwaka 1905, ambacho alikisimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Msomaji amchukiaye kwa ajili ya biashara ya watumwa atakumbuka bunduki, vita vyake na Nsama, na pembe za ndovu zilizotekwa. Walakini atapita upesi mahali panapotajwa mali ya mkopo aliyopewa na matajiri wa Unguja, kama Taria Topan. Kwa hiyo hatafahamu kwamba safari zile ziliendeshwa kwa mali ya wengi, wala hatia haikuwa ya mtu mmoja.

Msomaji amsifuye kwa ushujaa atakumbuka safari ndefu, na werevu wake alipojidai kuwa wa ukoo wa mtawala wa Utetera, akaachiwa nchi. Huyo naye hatatambua kimya cha kitabu: msimulizi ahesabu pembe kwa frasila, bali taabu za watumwa haelezi sana. Kitabu ni kimoja, lakini kila msomaji ameondoka na chake.

Je, yafaa tukate tamaa? Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Marekani, Anderson na Pichert, walieleza jaribio lao. Watu walisoma habari za nyumba moja, wengine kwa nia ya mwizi, wengine kwa nia ya mnunuzi wa nyumba. Wa kwanza walikumbuka zaidi vitu vya thamani. Wa pili, kasoro kama paa livujalo. Kisha waliambiwa wabadili nia zao. Pasipo kusoma tena, wakakumbuka mambo ambayo hapo kwanza hawakuyataja.

Basi, ewe mwanafunzi, kabla hujafunga kitabu jiulize: asiyekubaliana nami angalikumbuka nini hapa? Huna lazima ya kugeuza hukumu yako. Tippu Tip na ahukumiwe. Lakini hakimu wa haki husikiliza ushahidi wote, hata ule asioupenda.