Ritifaa ya ng' Katika Maduka ya Kikuubo

Kuna kauli inayorudiwa mara nyingi madarasani kwamba Kiswahili kina bahati katika zama hizi za kompyuta, kwa kuwa kinaandikwa kwa herufi za Kirumi zisizo na alama za ziada. Makala haya yanaipinga kauli hiyo kwa kuangalia sauti moja tu, ng'.

Katika fonolojia tunafundishwa kwamba ng' ni konsonanti moja, nazali ya kaakaa laini. Kompyuta huona alama tatu: n, g na ritifaa. Tatizo liko kwenye ritifaa. Katika Unikodi, mfumo unaoipa kila herufi namba yake, ritifaa iliyonyooka ni namba 39 na iliyopinda ni 8217. Ipo pia namba 700, iliyokusudiwa ihesabiwe kama herufi. Kwa jicho zinakaribiana, kwa mashine ni vitu vitatu.

Nililiona hili Kikuubo, uchochoro wa maduka ya jumla katikati ya Kampala, ambako wateja wa kutoka Kongo huagiza kwa Kiswahili. Katika orodha ya duka moja, viungo vya supu vya ladha ya ng'ombe viliingizwa mara mbili: kwanza kwa simu, kwa namba 39, kisha kwa programu ya kuandikia iliyoipindisha ritifaa yenyewe. Ukitafuta kwa ritifaa moja, katoni za nyingine hazionekani. Mwenye duka akaagiza mzigo ambao tayari alikuwa nao stoo. Na tahajia ilikuwa sahihi kote!

Linganisha na Kikorea. Hangul, alfabeti iliyotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446, hukusanya herufi za silabi ndani ya umbo moja. Silabi 한 (han) inaweza kuhifadhiwa kwa namba moja, 54620, au kwa namba tatu za herufi zake. Tangu 1996 silabi zote 11,172 za kisasa zina namba zake: konsonanti 19 za mwanzo, mara irabu 21, mara miisho 28, ukihesabu na hali ya kutokuwa na mwisho. Wingi huo haunishangazi sana. Kinachonivutia ni kwamba kanuni za Unikodi zinatamka wazi kuwa njia hizo mbili ni sawa. Kwa ritifaa zetu hakuna kanuni kama hiyo.

Luganda imekwepa mtego huu kwa herufi ŋ, namba 331, kama katika eŋŋaano, yaani ngano. Hata hivyo herufi hiyo ina gharama. Ujumbe mmoja wa SMS huchukua alama 160, lakini ŋ haimo katika alama za msingi za simu, hivyo ŋ moja tu huushusha ujumbe mzima hadi alama 70. Simlaumu mfanyabiashara anayeandika engano. Ritifaa iliyopinda nayo hushusha vivyo hivyo, ile ya 39 haishushi.

Vitabu vya sarufi nilivyosomea husema "weka ritifaa" bila kutaja ipi. Mimi naunga mkono 39, na programu za Kiswahili zilazimishwe kuzisoma nyingine kama hiyo. Wapo watakaoitetea 700, na kinadharia wana hoja nzuri, ila haimo katika kibodi yoyote niliyoishika Kikuubo.