Neno "Rafiki" katika Filamu ya Wanuri Kahiu

Wasichana wawili wapendanao katika filamu Rafiki (2018), ya Wanuri Kahiu wa Kenya, hawakuumbwa kuwa kichekesho wala onyo. Kena, binti wa mwenye duka katika Nairobi, hucheza mpira na vijana, naye ataka kuwa muuguzi. Ziki ndiye amwambiaye kwamba hata udaktari auweza. Kwanza twamjua mtu, kisha twalijua pendo lake. Mavazi ya kiume ya Kena tu, kwa maoni yangu, yarudia desturi iliyochakaa. Wakaguzi wa filamu walitaka mwisho ubadilishwe, eti una matumaini mno. Kahiu akakataa, nao wakaipiga marufuku. Jina limechaguliwa vema: neno rafiki halibagui mume na mke, na kwa neno hilo wengi hulazimika kumtambulisha mpenzi wao mbele za watu.