Neno la Kushika Wakati wa Dhiki

Mwili uliochoka hutegemezwa kwa mkongojo, na moyo uliochoka hutegemezwa kwa neno. Ndiyo sababu watu wengi, wasomi kwa wasiosoma, huwa na mshororo mmoja wa shairi wanaoupenda kuliko yote, wakaukariri katika ugonjwa, katika msiba na katika upweke. Jambo hili latosha kutufurahisha, lakini halitoshi kutufundisha. Yatupasa kuuliza: nguvu hiyo hutoka wapi, na je, kila nguvu itokayo katika shairi ni njema? Nataka tuyajibu maswali haya, msomaji mpenzi, kwa kulipima shairi moja la nchi yetu, nalo ni "Siwati" la Abdilatif Abdalla.

Mshairi huyu alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Mwaka 1968 aliandika waraka ulioitwa "Kenya: Twendapi?", akiilaumu serikali kwa jinsi ilivyokitendea chama cha upinzani cha KPU. Kwa waraka huo alihukumiwa kuwa mchochezi, na tangu 1969 hadi 1972 alikuwa mfungwa, akatengwa peke yake katika gereza la Kamiti. Huko alitunga mashairi na kuyaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni. Yalitolewa nje kwa siri vilevile, yakachapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 diwani hiyo ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi.

Usidhani kwamba kisa hiki ni cha watu wa bahari tu. KPU ilianzishwa mwaka 1966 na Jaramogi Oginga Odinga, nayo ilikuwa na wafuasi wengi katika Nyanza Kusini, wilaya ya zamani ambayo leo imekuwa kaunti za Homa Bay na Migori. Mwaka 1969, Abdilatif akiwa kifungoni, Tom Mboya aliuawa Nairobi akazikwa kisiwani Rusinga. Na kabla ya mwaka huo kwisha KPU ilikuwa imepigwa marufuku. Basi babu zetu wa ziwani na mshairi wa Mombasa walipitia mwaka mmoja wa majonzi.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Katika Kimvita, kuwata ni kuacha. Kwa hiyo "siwati" ni siachi. Mwanafunzi ambaye nyumbani husema Kijaluo au Kikuria hulikuta neno hili kama mgeni, ikambidi atafute maana yake. Na kilichotafutwa hukaa zaidi ya kilichookotwa. Kila mshororo una mizani kumi na sita, nane kwa nane, na "siwati" husimama kichwani mwa mishororo tena na tena. Mara nyingi washairi huliweka neno la kurudiwa mwishoni mwa ubeti, likawa kibwagizo. Hapa limewekwa mwanzoni. Msomaji hulazimika kuapa kwanza, ndipo aelezwe gharama ya kiapo chake. Huo si urembo wa sanaa tu; ndivyo uthabiti ulivyo, kwa maana mtu anayengoja kuijua gharama yote kabla ya kuamua, aghalabu haamui kamwe.

Aliyefika Thimlich Ohinga, katika kaunti ya Migori, ameziona kuta za mawe zilizojengwa bila udongo wala chokaa, nazo zimesimama kwa karne kadhaa. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Jiwe limekaa kwa kushikwa na jiwe. Shairi la arudhi nalo hukaa kichwani kwa njia hiyo: mizani hushika mizani, na kina hushika kina, neno moja likianguka, pengo huonekana. Kwa sababu hiyo, aliyenyang'anywa vitabu vyake vyote hawezi kunyang'anywa shairi.

Wazee wa Kijaluo waliijua nguvu hii zamani. Nyatiti, ala ya nyuzi nane, inapopigwa karamuni, msikilizaji humsimamisha mpigaji, akatoa fedha, akajisifu mbele ya watu. Sifa hizo huitwa pakruok. Aliyejiita jasiri hadharani hawezi kukimbia kesho bila aibu. Vivyo hivyo, anayesema "siwati" hajifariji tu. Amejifunga kwa ulimi wake mwenyewe. Hili ndilo jibu la swali letu la kwanza: mshororo hutia nguvu kwa sababu unashikika, na kwa sababu unamshika anayeusema.

Lakini swali la pili ni gumu. Mwingereza William Ernest Henley, aliyekwisha kukatwa mguu mmoja, alitunga mwaka 1875 shairi lililokuja kuitwa "Invictus", akiwa hospitalini Edinburgh akitibiwa mguu wa pili. Nelson Mandela alilikariri kwa wafungwa wenzake katika kisiwa cha Robben. Lakini mwaka 2001 Timothy McVeigh, aliyelipua jengo la serikali katika mji wa Oklahoma City mwaka 1995 na kuua watu 168, wakiwamo watoto, alilinakili shairi hilo hilo kwa mkono wake, akaliacha liwe neno lake la mwisho kabla ya kuuawa kwa hukumu ya mahakama. Shairi moja limemtegemeza mpigania haki na muuaji. Ni kama moto: hupika, na huunguza.

Je, "Siwati" limesalimika na hatari hii? Tuwe waadilifu: si kabisa. Mtunzi hataji kwa jina jambo analolishika, na kila msomaji aweza kulijaza atakavyo, hata ukaidi wake. Hata hivyo shairi lina kinga mbili ambazo msomaji makini hataziruka. Kwanza, mtunzi anakana kwamba anashindana na mtu. Asema kwamba hili ni suala la imani anayoithamini. Pili, mateso yote anayoyakubali yanamwangukia yeye mwenyewe. Hapana hata ubeti mmoja unaomtaka mwingine alipe. Kinga hizi ndizo kipimo tunachokitafuta.

Kwa hiyo, msomaji mpenzi, ukichagua mshororo wa kuushika, chagua kwa hadhari. Huenda karo imewashinda wazazi wako. Huenda wenzako wamekwenda machimboni kutafuta dhahabu au ziwani kuvua omena, nao wanakucheka kwa kubaki darasani. Shairi halilipi karo, wala halitibu homa; anayekuambia hivyo anakudanganya. Kazi yake ni kukuweka wima wakati unapotafuta karo na dawa. Jifunze mshororo wako kwa moyo, ujue ni nani aliyeutunga na ulimgharimu nini. Kisha ujiulize: nikilishika jambo langu hadi mwisho, ni nani atakayelipa? Ukiona kwamba watalipa wengine wasio na hatia, basi liache, hata kama ulimi wako umekwisha kulizoea. Ukiona kwamba gharama ni yako, na jambo ni la haki, lishike, wala usingoje kusifiwa.