Jicho na Pua Sokoni



Katika kurasa kama hizi umezoea kusoma lawama juu ya wafanya biashara: wanaopunguza mizani, wanaotia maji katika maziwa, wanaoficha bidhaa mpaka bei ipande. Lawama hizo ni za haki, na mimi mwenyewe nimezisema juu ya mimbari mara nyingi. Lakini leo nataka tukosoe upande ambao hatuugusi sana, nao ni upande wetu sisi tunaonunua, na hasa vile viungo tunavyovitanguliza tunapoingia dukani: jicho, pua, sikio na vidole. Nitaanza kwa kujikosoa nafsi yangu, usije ukadhani kwamba nakukusudia wewe peke yako.

Ilikuwa katika kumi la mwisho la Ramadhani, miaka michache iliyopita, hapa Mombasa. Baada ya swala ya Alasiri nilitoka kwenda kununua mchele wa Idd. Niliingia katika duka moja, sitalitaja, na kabla sijatoa salamu pua yangu ilikuwa imekwisha fika. Nyuma ya duka palikuwa na sufuria jikoni, na wali wa pishori ulikuwa ukipalizwa moto. Wewe unajua harufu ile ilivyo. Na unajua inavyokuwa kwa mtu aliyefunga tangu alfajiri. Mbele yangu palikuwa na gunia wazi la mchele mweupe, punje ndefu. Nikauliza bei, nikatajiwa bei iliyo chini ya ile ya pishori niliyoizoea. Nikafurahi. Nilidhani nimepunguziwa kwa heshima ya kilemba changu. Nikasema, "Nipimie kilo kumi."

Nyumbani mke wangu aliufungua mfuko, akachota konzi moja, akanusa, akanitazama, asiseme kitu. Baada ya kufuturu alitafuna punje mbili tatu, kisha akasema, "Maalim, huu si pishori. Kwani hukuutafuna?" Nikamjibu kwamba nilikuwa na saumu. Akasema, "Basi ungengoja mpaka usiku."

Siku ya pili nikaurudisha mfuko, na hasira nimeiandaa njiani. Mwenye duka alinipokea kwa adabu, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Maalim, nisamehe. Mimi nilikwambia kuwa ni pishori? Uliniuliza bei, nikakutajia. Ule uliokuwa ukipikwa ni futari ya vijana wangu."

Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyesahau somo. Kwa sababu mas-ala haya mimi huyasomesha.

Vijana waliopita chuoni kwangu wanayajua. Katika mlango wa biashara, Imamu Nawawi (R.A.), aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, sawa na mwaka 1277 wa Miladi, ameandika katika kitabu chake cha Minhaji mifano ambayo wengi huipita mbio kwa kudhani kwamba zama zake zimekwisha. Anataja mtu anayeuza kinu cha kusagia kinachozungushwa na maji. Muuzaji huyu huyazuia maji katika mfereji mpaka siku ya kuuza, kisha huyaachia. Mnunuzi akija huyakuta yanakwenda kwa nguvu na jiwe linazunguka, akadhani ndiyo hali yake ya kila siku. Mtu huyu hakusema uongo hata neno moja. Hata hivyo mnunuzi ana khiyari ya kuirudisha mali na kupewa fedha zake. Na katika zama zile watu wakiuzwa, hukumu ilikuwa ni hiyo hiyo kwa aliyemtia mtumwa wekundu usoni ili aonekane ana siha, au aliyezipaka nywele zake rangi nyeusi.

Asili ya yote haya ni hadithi ya Mtume (S.A.W.) aliyekataza kufunga viwele vya ngamia na kondoo ili maziwa yajikusanye na mnunuzi avutwe na ukubwa wa kiwele. Aliyemnunua mnyama wa namna hiyo akamkama ana khiyari: akiridhika atamweka, na akichukia atamrudisha pamoja na pishi ya tende. Ona basi, msomaji, kwamba udanganyifu wa jicho ulitungiwa hukumu karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuandika juu ya elimu ya matangazo.

Lakini Imamu Nawawi hakuishia hapo. Anataja mfano mwingine, na huu ndio ulionifunga mdomo mbele ya mwenye duka: mtumwa ambaye nguo yake imetiwa madoa ya wino ili mnunuzi adhani kuwa ni mwandishi. Hapa, katika kauli iliyo sahihi zaidi, mnunuzi hana khiyari. Kwa nini? Maulamaa wamefafanua kwamba mtu aweza kuvaa nguo ya mwenziwe, na kumpima ni jambo jepesi: mpe kalamu aandike. Aliyenunua mwandishi kwa kutazama doa la wino amezembea, na uzembe wake hawezi kumtwika mwingine.

Sasa wali uliokuwa ukipikwa nyuma ya duka ni maji ya kinu au ni wino wa nguo? Nimelifikiri jambo hili usiku mwingi kuliko linavyostahili. Harufu haikuwa katika gunia. Ilikuwa katika sufuria ya watu wanaotafuta futari yao, na kila mtu ana haki ya kupika. Na kuupima mchele kulikuwa kwepesi: kuuliza jina lake tu kungetosha. Nikajihukumu mwenyewe kwamba ule ni wino. Ni kweli kwamba baadaye niliambiwa kuwa sufuria ile hutiwa moto wakati ule ule kila siku, mwezi mzima, wakati watu wanapotoka msikitini. Nia ya moyo wa mtu anaijua Mwenyezi Mungu. Mimi nilichukua mfuko wangu nikarudi nao nyumbani.

Kijana mmoja niliyemsomesha tangu alipokuwa mdogo, na ambaye sasa anasomea biashara katika chuo kikuu, alicheka sana nilipomsimulia. Akaniambia kwamba haya ninayoyaona mimi ni bahati mbaya ya siku moja, wenzetu wameyafanya kuwa elimu. Akanisomea habari za majarini huko Marekani, na kwa kweli zimenistaajabisha.

Majarini kwa asili yake ni nyeupe. Wafugaji wa ng'ombe wa Marekani walijua kwamba ikipakwa rangi ya manjano itafanana na siagi, na watu watainunua. Wakapigania sheria, na mwaka 1902 serikali yao ikaweka kodi ya senti 10 kwa kila ratili ya majarini iliyotiwa rangi, na robo senti tu kwa iliyoachwa nyeupe. Kodi ile haikuondolewa mpaka mwaka 1950. Na katika miaka ile watengenezaji walifanya nini? Waliiuza nyeupe, pamoja na kidonge cha rangi pembeni. Mama wa nyumbani akifika jikoni alikivunja kidonge, akaikanda majarini kwa mikono yake mpaka ikawa manjano, kisha akaipeleka mezani.

Hapa naomba tusimame kidogo. Mama huyu anajua kuwa si siagi. Rangi ameitia yeye. Hakuna muuzaji aliyemsimamia. Na bado hakukubali kuipaka juu ya mkate ikiwa nyeupe. Maana yake ni kwamba tusimtazame kila mara mwenye duka kana kwamba ndiye peke yake anayelidanganya jicho. Jicho lenyewe linaomba lidanganywe, na likinyimwa hujitafutia. (Na wafugaji wenyewe hawakuwa wasafi: siagi ya ng'ombe ikitoka imepauka, nao walikuwa wakiitia rangi.)

Sikio nalo halikusalimika. Mwaka 2004 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Massimiliano Zampini na Charles Spence, waliwapa watu krispi za viazi wazing'ate huku wamevaa vifaa masikioni, na sauti ya kung'ata ikapitishwa humo. Ilipoongezwa sauti, watu walisema krispi hizi ni mbichi na zinavunjika vizuri; ilipopunguzwa, wakasema zimelala. Krispi zilikuwa ni zile zile. Walioisikia habari hii walicheka, na mwaka 2008 wawili hao wakapewa ile tunzo ya mzaha inayoitwa Ig Nobel. Mimi sikucheka, maana nilijiona na mfuko wangu wa mchele.

Kijana huyo alinieleza pia kitabu mashuhuri cha Mmarekani Vance Packard, The Hidden Persuaders, cha mwaka 1957, kinachofichua namna wafanya biashara wanavyowaajiri wajuzi wa nafsi ili wawavute wanunuzi bila ya wenyewe kujua. Kwa jinsi alivyonieleza, ni kitabu chenye faida, lakini nina neno nacho. Kinamfanya mnunuzi kuwa kama mtoto aliyelala huku mwizi akiingia dirishani. Wanazuoni wetu hawakumlaza. Wamempa khiyari pale asipokuwa na njia ya kujua, na wamemnyima pale alipokuwa na njia akaona uvivu kuifuata. Sheria inayomlinda mtu kwa kila hali humfundisha asifungue macho.

Na mfano mkubwa ni wa Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Alipita sokoni penye rundo la nafaka, kwa juu zuri kavu. Hakutosheka na jicho, akaingiza mkono ndani, vidole vikapata umaji. Mwenye nafaka alipotoa udhuru wa mvua, aliulizwa kwa nini asiiweke ile iliyorowa juu ili watu waione, kisha likaja onyo kali kwa wenye kughushi ambalo kila mtoto wa chuoni analijua. Sisi katika hadithi hii tumemkariri sana muuzaji na onyo lake. Ule mkono ulioingia ndani ya rundo hatuutaji. Jicho lilikuwa limekwisha toa ushahidi wake, na vidole vikaitwa kuwa shahidi wa pili. Kadhi hahukumu mali kwa shahidi mmoja peke yake, nasi tunahukumu fedha za watoto wetu kwa pua tu.

Mama zetu walikuwa wakilijua hili bila ya kusoma Minhaji. Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kununua leso ndani ya duka. Aliichukua mpaka mlangoni, akaitandaza juani, akaitazama rangi, kisha akaishika pembe akaifikicha baina ya vidole mpaka ile dawa ya kuikakamaza ikatoka unga, ndipo akajua uzi wenyewe ni mzito au ni mwembamba. Muuzaji akinuna, alimwacha anune. Imamu Ghazali (R.A.) katika Ihyaa amemhesabu kuwa mdanganyifu yule anayeonyesha nguo mahali penye giza, au anayeonyesha upande mmoja mzuri akauficha wa pili. Leo giza limekwisha, na badala yake kuna mwanga uliozidi. Katika baadhi ya mabucha hutundikwa taa ya wekundu juu ya nyama, nayo nyama ya jana ikaonekana ya leo asubuhi. Hiyo si wino wa nguo. Huko ni kumtia mtu wekundu usoni, na mimi sioni shaka kwamba aliyenunua nyama ile akaikuta kijivu nyumbani ana haki ya kuirudisha, na mwenye bucha airudishe fedha bila ya maneno.

Simkatazi mfanya biashara kupendezesha duka lake. Udi uvukizwe, sakafu ifagiliwe, mizani ing'arishwe, muuzaji avae kanzu safi na atabasamu. Harufu nzuri tumeusiwa. Lakini pambo la duka ni kitu kimoja, na kuibadilisha bidhaa sura, ili jicho liseme isiyo kweli juu yake, ni kitu kingine. Wapo watu waliokuwa wakichelea hata pambo la ulimi. Yunus bin Ubaid, muuza hariri wa Basra, siku moja alijiwa na mnunuzi. Kijana wake akaikunjua hariri, akaitazama, akaomba Mwenyezi Mungu awaruzuku Pepo. Yunus akamwambia airudishe mahali pake, wala hakuiuza, kwa kuchelea kwamba dua ile ilikuwa ni namna ya kuisifu bidhaa. Sitaki kusema kwamba sote tufike daraja hiyo. Maduka yetu yangefungwa kabla ya Adhuhuri. Lakini pima umbali uliopo baina ya hariri ile na sufuria ya wali niliyoikuta mimi.

Utaniuliza, mwaka huu nafanyaje? Mchele wa Idd naununua katika mwezi wa Shaabani, baada ya kula. Naenda na mke wangu, na yeye ndiye anayetafuna.

Ama ule mfuko wa kilo kumi, haukutupwa. Siku ya Idd mke wangu aliupika kwa tui zito la nazi, akatia iliki na kipande cha mdalasini, akaufunika vizuri. Miongoni mwa wageni alikuwamo sheikh mwenzangu tuliyesoma naye chuo kimoja. Alikula, akanusa mvuke wa sinia, akaniuliza pishori nzuri kama hii nimeipata duka gani. Mke wangu aliyasikia hayo kutoka ndani, na kicheko chake kilifika mpaka ukumbini.