Sauti ya Tatu: Jinsi Filamu za Kung Fu Zilivyopata Kiswahili Eastlands

Katika The Way of the Dragon, filamu ya mwaka 1972, Bruce Lee na Chuck Norris wanakabiliana ndani ya uwanja wa kale wa Colosseum mjini Roma. Pambano hilo lina maneno machache sana. Kinachosikika ni pumzi, muziki, mateke na mlio wa paka mdogo anayewatazama. Lakini anayeitazama filamu ya namna hii Kayole, Dandora au Umoja, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kupitia diski iliyosimuliwa na DJ husikia Kiswahili tangu wapiganaji wanaponyoosha misuli hadi mmoja wao anapolala chini, na utamu wa pambano haupungui hata kidogo. Wengi hulipenda zaidi hivyo.

Mtu aliyezoea sinema za ukumbini huiona sauti hiyo kuwa kelele, au tafsiri isiyo mwaminifu. Mimi naiona kuwa kazi ya ufundi inayostahili kuchambuliwa kama tunavyochambua uhariri au upigaji picha. Wasimulizi wetu, na aliyevuma kuliko wote ni DJ Afro, ambaye jina lake ni James Muigai, walikuta matatizo halisi ya picha, ya sauti na ya muda. Waliyatatua kwa kipaza sauti kimoja.

Filamu zilizopigwa bila sauti

Kwa nini sauti ya msimulizi inakaa vizuri juu ya filamu hizi? Tuanze Hong Kong, kwa sababu nusu ya jibu iko huko. Kwa miaka mingi, hadi ndani ya miaka ya 1980, filamu nyingi za kung fu zilipigwa bila kurekodi sauti pale pale uwanjani. Studio za Shaw Brothers, na baadaye Golden Harvest iliyoanzishwa mwaka 1970, zilikuwa na soko lenye lugha nyingi: Kikantoni, Kimandarini, na lahaja nyingine za Wachina waliotapakaa Singapore na Malaysia. Kupiga picha kwanza na kutia sauti baadaye kulikuwa nafuu na haraka. Waigizaji wawili wangeweza kujibizana kila mmoja kwa lahaja yake, kisha watu wengine kabisa wakaingia studio na kuwapa sauti.

Kwa hiyo hata mlio wa ngumi ulitengenezwa. Kila teke lililopasua hewa lilirekodiwa kando na kubandikwa juu ya picha. Filamu ilipotafutiwa soko la mbali, sauti za Kiingereza zilitiwa juu yake tena, au maandishi ya Kichina na Kiingereza yakachomwa chini ya picha yenyewe. Midomo ya waigizaji haikulingana na maneno, na mtazamaji wa Hong Kong mwenyewe aliizoea hali hiyo.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Filamu ambayo sauti yake imefungamana na mdomo wa mwigizaji hukataa sauti ya mgeni; kila neno la ziada huonekana limevamia. Kung fu ya zamani haikuwa na ndoa hiyo. Sauti ya kwanza ilikuwa ya Wachina wa studioni, ya pili ya wasemaji wa Kiingereza wa kukodi, na ya Nairobi ikawa ya tatu katika foleni iliyokuwa wazi tangu mwanzo.

Bara la Asia lenyewe linajua ufundi huu. Enzi za filamu bubu, Japani ilikuwa na wasimulizi waitwao benshi, waliosimama kando ya skrini wakiwasemea wahusika wote na kueleza hadithi, na watu walilipa kiingilio kwa ajili ya benshi fulani kama walivyolipa kwa ajili ya mwigizaji. Korea nayo ilikuwa na wake. Filamu zenye sauti zilipoenea miaka ya 1930, kazi hiyo ilififia. Afrika Mashariki iliianzisha upya kwa mahitaji yake: Dar es Salaam ilimpata Lufufu, Kampala ikawa na VJ Jingo na wenzake, na Nairobi ikawa na madijei wake.

Pengo lililoachwa na diski

Nusu ya pili ya jibu imo ndani ya nyumba. Baada ya kanda za VHS ilikuja VCD, teknolojia ya mwaka 1993 iliyopendwa sana Asia na kufika kwetu pamoja na deki za bei nafuu kutoka China. Picha ya VCD kwa mfumo wa PAL ina vitone 352 kwa 288. DVD ina 720 kwa 576. Yaani VCD hubeba karibu robo tu ya picha ya DVD, na diski moja huishia dakika 74, ndiyo maana filamu moja ya Hong Kong ilikuja kwa diski mbili.

Sasa iweke picha hiyo kwenye runinga ya Great Wall ya inchi 14, ndani ya chumba kimoja chenye watu sita, na mwenye nyumba yuko kwenye kochi la nyuma. Maandishi ya chini hayasomeki. Hata yakisomeka, ni Kiingereza kilichotafsiriwa kwa haraka, hupita kabla mtoto wa darasa la tatu hajamaliza neno la pili, na nyanya aliyekuja kutoka mashambani hana haja nayo kabisa.

Kisha zikaja DVD zenye filamu nyingi ndani ya diski moja. Diski ya kawaida ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7. Ukisonga humo filamu nane, kila moja hubaki na megabaiti zisizofika 600. Kinachoumia kwanza ni nini? Mwendo. Mbinu ya kubana picha hutegemea kwamba fremu moja inafanana na inayofuata. Pale ambapo kitu hakijasogea, kompyuta haihifadhi mara mbili. Watu wawili wakizungumza mezani, mbinu hiyo hufanya kazi vizuri. Tony Jaa akiruka juu ya magari katika Ong-Bak, filamu ya Thailand ya 2003, kila kitu kinabadilika kwa wakati mmoja, na picha huvunjika kuwa miraba. Yaani diski ya shilingi 50 iliharibu hasa kile ambacho mnunuzi alikilipia.

Hapo ndipo msimulizi anapofanya kazi ambayo wachambuzi wengi hawaihesabu. Anaposema kwamba steringi, yaani shujaa wa filamu, amemkwepa huyu, amemshika yule mguu na sasa anamzungusha, anaijengea picha iliyovunjika umbo lake. Jicho linaona miraba, sikio linapewa teke, na akili inaunganisha.

Kuna faida nyingine inayotokana na jinsi watu wanavyoishi. Katika nyumba ya chumba kimoja, filamu haitazamwi na watu walioketi kimya gizani. Mmoja anakaanga vitunguu, mwingine anapiga pasi, mtoto anatumwa dukani kununua kiberiti. Maandishi ya chini humtaka mtu asitoe macho kwenye skrini. Sauti humruhusu kugeuka, kukoroga sufuria, na kurudi bila kupotea.

Kupima muda ndani ya pambano

Turudi Colosseum, tulitumie pambano lile kuonyesha ufundi wenyewe. Lina sehemu nne zilizo wazi.

Ya kwanza ni maandalizi. Wapiganaji wananyoosha viungo na kulegeza shingo, hawagusani. Kwa msimulizi hii ndiyo nafasi ndefu kuliko zote, na msimulizi mzuri huitumia kukumbusha kisa: huyu Mmarekani ameletwa kwa kukodiwa, genge linautaka mkahawa, na kijana huyu wa Hong Kong ndiye tegemeo la wenye mkahawa. Aliyeingia chumbani dakika hiyo anapata hadithi yote.

Ya pili ni kushindwa. Norris anamwangusha Lee zaidi ya mara moja na kumtikisia kidole. Hapa msimulizi huwasemea wapiganaji. Ile ishara ya kidole ni sentensi isiyo na maneno, na msimulizi huipa maneno ya mtaani, kwa Sheng ya hapa hapa, ili kiburi cha mtu huyo kisikike kama kiburi cha mbabe wa pale kwenye steji ya matatu.

Ya tatu ni mageuzi. Lee anaanza kurukaruka, miguu inakuwa myepesi, na Norris hamfikii tena. Kasi imepanda, kwa hiyo sentensi lazima zifupike. Kosa la msimulizi mchanga ni kuendelea kueleza kwa urefu ule ule. Anamaliza kulitaja teke wakati mengine matatu yameshapita. Mzoefu hutumia neno moja moja, au hunyamaza kabisa na kupiga ukelele teke linapotua.

Ya nne ni mwisho. Mkono wa Norris umevunjika, mguu pia, na Lee anatikisa kichwa kumsihi aache. Norris anakataa, anakufa, na Lee anamfunika kwa vazi la Norris mwenyewe na mkanda wake. Hapa sentensi moja inatosha, na msimulizi aliyekomaa hujua kwamba heshima ile haihitaji kuelezwa mara mbili.

Mgawanyo huu unawezekana kwa sababu wahariri wa Hong Kong walijenga mapigano kwa mpigo maalumu: mlipuko wa vitendo, kusimama, mlipuko tena. Wapiganaji hutengana, huchukua mkao, hutazamana. Katika filamu za Jackie Chan pigo kubwa hurudiwa kutoka pembe nyingine ili ulione vizuri, na Ong-Bak hufanya hivyo waziwazi. Vile vituo ndivyo vyumba anamoingia msimulizi. Linganisha na filamu nyingi za Marekani za baada ya mwaka 2000, ambazo hukata picha kila sekunde moja au mbili na kuitikisa kamera: hakuna kituo, hakuna mkao, na msimulizi hana pa kusimama.

Kuchanganya bila vipande

Sasa tuje kwenye meza ya sauti. Kampuni inayotafsiri filamu kihalali hupewa na mwenye filamu kipande cha sauti chenye muziki na milio tu, bila mazungumzo. Waigizaji wa sauti hutia maneno juu yake, na ngumi hubaki na uzito wake. Ndivyo inavyofanyika kwa tamthilia za Kichina zilizotiwa Kiswahili, kama ile ya Mao Doudou na wakwe zake iliyoonyeshwa na TBC ya Tanzania mwaka 2011: wahusika wamegawiwa waigizaji wa sauti, na hati imeandikwa ilingane na midomo.

Msimulizi wa mtaani hana kipande hicho. Ana sauti moja iliyokwisha kuchanganywa: maneno, muziki na ngumi pamoja. Akitaka kusikika, lazima aishushe yote. Akiishusha, ngumi nazo zinashuka. Basi hulazimika kuchagua, sekunde kwa sekunde, ashushe lini na apandishe lini. Ndiyo maana huzungumza kati ya mapigo na si juu yake, na ndiyo maana wengine huiga mlio wa ngumi kwa mdomo: wanarudisha walichokifunika. Spika ndogo ya runinga huibeba sauti ya mtu vizuri kuliko kitu kingine chochote, na hilo huwasaidia. Ukiunganisha wufa, mizani hubadilika, muziki huvimba na maneno huzama. Msimulizi aliyesikiliza kazi yake kwenye spika mbovu kabla ya kuitoa huwa amelijua hilo mapema.

Kasoro kubwa ya mbinu hii ni kwamba ikishachanganywa haitenganishwi tena. Mtazamaji hawezi kuizima sauti ya msimulizi, na msimulizi hawezi kuitoa kazi yake bila kubeba filamu ya mtu mwingine mgongoni. Hapo ndipo sheria inapombana. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mwenye kazi haki ya kuinakili na ya kuitafsiri, na diski nyingi zilizouzwa mitaani hazikuwa na ruhusa yake. Nawapenda mabingwa hawa, lakini siwezi kusema kwamba aliyepiga filamu hakustahili kulipwa.

Teknolojia ya sasa inaruhusu mpango bora. Faili moja ya kidijitali inaweza kubeba sauti kadhaa, na mtazamaji akachagua kwa rimoti: Kikantoni, Kiingereza, au ya DJ. Marekani, tangu mwaka 2006, kundi la RiffTrax limeuza simulizi zake kama sauti peke yake, na mnunuzi huicheza sambamba na filamu aliyoipata kwa njia yake. Msimulizi wa Nairobi akirekodi sauti yake kando, akaihifadhi ikiwa safi, atakuwa na kitu chake mwenyewe cha kupeleka mezani anapozungumza na kampuni inayomiliki filamu za Shaw Brothers, au na majukwaa ya mtandaoni yanayotafuta watazamaji Afrika Mashariki. Ruhusa ya tafsiri bado itahitajika, lakini atakuwa anaijadili akiwa fundi mwenye bidhaa.

Majukwaa hayo nayo yana la kujifunza. Kutia maandishi ya Kiswahili chini ya filamu na kuhesabu kwamba Eastlands imehudumiwa ni kutowajua watazamaji wake. Watu hawa wamezoea sauti inayojua lini iseme, lini inyamaze, na nani ameingia chumbani akiwa amechelewa. Atakayetaka kuwauzia filamu za Asia sasa aanze kwa kuwaajiri wanaoijua kazi hiyo, awape kile kipande cha muziki na milio ambacho hawakuwahi kupewa, na asikilize watakachofanya ngumi zikibaki na uzito wake wote.